Miguu Chini ya Bedford

Watu wa Kasulu walimwita Stanislaus fundi picha, ingawa watu aliwapiga picha kwa kujilazimisha tu, apate hela ya dawa za kusafishia picha na karatasi. Moyo wake ulikuwa kwenye magari makuukuu: Landrova iliyoota majani nyuma ya misheni, malori yaliyolala juu ya magogo kule Makere. Mtu akijipitisha mbele ya kamera, alimfukuza kama kuku kwenye mtama ulioanikwa.

"Toka, bwana! Unaniharibia gari."

Kiangazi cha 1994, Epifania, ambaye majirani walimwita Mama Rosa, alibisha hodi kwake. Mumewe Ndayiragije, dereva wa lori la Bedford lililopeleka mazao sokoni Makere, alikuwa amevuka mpaka wa Manyovu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwenda Burundi kumtoa mama yake kwenye mapigano. Habari ya kifo ilirudi. Mwili haukurudi.

"Nataka asomewe misa, fundi. Lakini niweke nini mbele ya altare? Sina hata picha yake moja."

"Mama Rosa, mimi nilipiga lori. Yeye nilimwambia atoke."

"Akatoka?"

Stanislaus alifikiri. "Aliingia chini ya lori kukaza nati."

"Basi hakutoka. Itafute."

Chumba chake cha giza kilikuwa ghala la maharage, mlango umezibwa kwa blanketi. Mashine ya kukuzia picha aliiunda mwenyewe kwa taa ya Landrova na betri. Picha alizisuuza kwa maji ya mvua, maana ya kisima yaliacha vidoa vya udongo. Karatasi kubwa ilikuwa imebaki moja tu, na alikuwa akiitunza kwa ajili ya Bedford hilohilo.

Aliinua filamu kwenye mwanga mwekundu. Chini ya bampa, miguu miwili.

"Unapenda magari kuliko watu," Epifania alisema gizani, nyuma yake.

"Magari hayapepesi macho, mama."

"Hata huyu hatapepesa."

Stanislaus alipandisha mashine hadi mwisho wa nguzo yake, miguu ikue. Kabini ikatoka nje ya kipimo cha karatasi, kisha taa, kisha bampa alilolipenda. Lilibaki gurudumu moja na ile miguu. Akazima taa ya mashine, akalaza ile karatasi ya mwisho, kisha akawasha.

Ndani ya dawa, tairi lilitangulia kujitokeza. Zikafuata katambuga za mpira wa tairi, mkanda wa kushoto umefungwa kwa waya, halafu kidole gumba kilichopinda kwa nje.

"Jembe lilimkata kidole hicho," Epifania alinong'ona. "Kule Kitahana, tukiwa wachumba. Ni yeye."

Aliipokea picha ikiwa bado mbichi, akailaza juu ya viganja vyake. Mlangoni akageuka.

"Siku ile ulipomfukuza, alikasirika?"

"Hata. Alicheka. Aliniambia, 'Wewe piga bati lako, mimi ndiye ninayelipeleka sokoni.'"

"Ndiyo maneno yake," alisema Epifania. Akaketi kizingitini, picha mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu habari ile ifike, akalia.