Kilindo cha Sepuka

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nilianza na baiskeli moja, leo nina malori matatu. Lakini juzi, kwenye makumbusho, nilikiona kile kilindo cha magome cha bibi, nikakaa chini.

Kilikuwa cha kuwekea mtama. Mchana mmoja nikiwa mtoto, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilivunja chupa ya mafuta nikajificha humo. Giza tupu, vumbi la mtama likinikaba koo, magoti kidevuni. Mara mnunuzi wa vitu vya kale akagonga kifuniko.

"Shikamoo bibi. Hiki nakichukua."

"Marahaba. Chukua na vilivyomo, vinanimalizia chakula tu."

Alimaanisha fukusi, wadudu wa mtama. Mimi nikajua nimeuzwa. Kifuniko hakikusukumika, nikatafuna gome mpaka likatoboka.

Waliponitoa, bibi alicheka: "Kumbe nauza na panya!"

Tundu bado lipo. Kibao kinasema, "Mwenyewe hajulikani." Nikamwambia dada wa pale ni cha bibi yangu.

"Sawa baba, tutaandika. Aliitwa nani?"

Siku zote nilimwita Bibi.

Nikaendesha hadi kijijini Sepuka kwa shangazi. Bibi aliitwa Mwajuma. Mafuta, kwenda na kurudi, shilingi elfu tisini na sita na mia tano.