Farasi aliyeanguka akiwa amesimama, na vidonda nilivyovipaka mafuta

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Huu ni uzi wangu wa kwanza. Sitaongeza chumvi, maana sehemu mbaya ya kisa hiki niliifanya mimi mwenyewe.

Ni mtu wa Tanga, nimekulia Makorora. Baba alikuwa mkata mkonge, mimi kazi yangu ni kutunza farasi.

Najua kuna atakayeuliza, Tanga kuna farasi? Wapo, wachache. Hawa wangu ni wa mama mmoja mjane anayeishi Chumbageni, tumwite Bi Zuhura. Shamba lake liko njia ya Tongoni. Alikuwa na wawili: jike anaitwa Zabibu, mpole, wa kupandwa na wageni. Na dume anaitwa Kipanga, huyo ni wa mbio.

Aliyempanda Kipanga ni Nasra, binti wa Bi Zuhura, miaka ishirini. Nimeona wanaume wengi wakishika hatamu, sijaona mwenye mkono mwepesi kama wake.

Sasa, kulikuwa na mbio za ufukweni zinakuja. Kilomita kumi, jioni, maji yakiwa yametoka. Nasra alizitaka hizo mbio kuliko kitu chochote.

Miezi miwili kabla, Bi Zuhura akamjengea Kipanga banda jipya. Sakafu ya zege, bati jipya, na taa kubwa ya kuzuia wezi, inawaka kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Zabibu akapelekwa Pangani kwa ndugu yao mwenye nyumba ya wageni. Na kwa kuwa mbio ni za jioni, training ikawa mara mbili, alfajiri kama zamani na saa kumi na moja jioni.

Mimi niliona banda ni la kifalme. Nikatandaza nyasi kidogo juu ya zege, nikaona imetosha.

Kama wiki ya tatu hivi, Kipanga akaanza kuwa mzito. Jasho linamtoka mapema, pumzi inachelewa kutulia. Ikifika saa nne asubuhi utamkuta kichwa kinashuka, kinashuka, halafu anashtuka, kama mzee anayesinzia katikati ya mahubiri.

Bi Zuhura akaniuliza, "Beno mwanangu, mbona farasi amelegea?"

"Joto tu mama."

"Basi jioni mzungusheni zaidi, azoee."

Tukamzungusha zaidi.

Hapa ndipo naomba mnisome vizuri.

Nilianza kuona michubuko kwenye miguu ya mbele, magotini na hapo juu kidogo ya kwato. Nikafikiri kajigonga. Halafu siku moja asubuhi naosha ndoo, yeye kasimama pembeni. Kichwa kikashuka. Magoti yakakunjika ghafla, akapiga zege kwa miguu ya mbele, akainuka kwa kishindo macho yamemtoka. Hakukuwa na mtu mwingine, mimi tu na yeye.

Sikumwambia mtu.

Sababu? Mtunzaji aliyekuwepo kabla yangu alifukuzwa kwa farasi kukutwa na vidonda. Alisema hakumpiga, hakuna aliyemsikiliza. Nina mke na watoto wawili. Kwa hiyo nikachukua yale mafuta meusi ya kupaka kwato, nikapaka kwenye michubuko. Kipanga ni mweusi miguuni, huwezi kuona kitu.

Nilipaka kila asubuhi, wiki tatu na zaidi.

Ajali yenyewe haikutokea kwenye mbio wala kwenye kuruka. Ilikuwa jioni, Nasra kamaliza mzunguko wa kwanza, kasimama kivulini amelegeza hatamu, ananiuliza kama nimeona alivyokata kona. Nikafungua mdomo kumjibu. Kipanga akasinzia. Magoti yakakunjika, Nasra akapita juu ya shingo, akaangukia bega.

Akavunjika mtulinga. Farasi amesimama tuli, wakuu. Ningesimuliwa na mtu nisingeamini.

Alipelekwa hospitali, usiku akarudishwa nyumbani. Kesho yake Bi Zuhura akamwita daktari wa mifugo, dada mmoja wa Lushoto, mpole wa sauti ila macho yake hayakosi kitu. Alisikiliza moyo, akapima joto, akaangalia mdomo. Kisha akachutama, akachukua kitambaa, akafuta magoti ya Kipanga.

Kitambaa kikawa cheusi. Akakigeuza, akafuta tena.

"Kaka Beno, hivi vidonda ni vya lini?"

Bi Zuhura kasimama pale pale. Nilitafuta uongo, sikuupata.

"Vina zaidi ya wiki tatu, daktari. Huwa anaanguka akisinzia."

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Huyu analala?"

"Si farasi hulala amesimama?"

"Anasinzia amesimama. Usingizi mzito lazima ajilaze. Hauhitaji kuwa mrefu, lakini akiukosa siku nyingi, mwili unauchukua wenyewe popote alipo. Mara ya mwisho kumkuta na uchafu ubavuni asubuhi ni lini?"

Kwenye banda la zamani kila asubuhi nilikuwa nasugua mavi ubavuni mwake huku nalalamika. Kwenye jipya alikuwa anaamka msafi, na mimi nikafurahi kazi imepungua.

Akatueleza. Mnyama anayewindwa hajilazi hovyo, anataka mwenzake awepo, na mwenzake tumempeleka Pangani. Anataka pahali laini, tumempa zege. Mwili wake una saa yake, giza ndilo linaloiambia sasa ni usiku, na sisi tumemwashia taa mpaka asubuhi. Juu ya hapo kazi mara mbili, bila muda wa kujirudishia nguvu.

Bi Zuhura akaitazama ile taa. Kisha akaniambia, "Banda nilijenga mimi. Taa niliweka mimi. Kwa hayo sikulaumu wewe. Lakini nilikuuliza, ukaniambia joto."

"Nisamehe mama."

"Nenda kamwambie Nasra. Mwenyewe."

Nilikwenda Chumbageni mchana ule ule. Nilimkuta amekaa, mkono umefungwa kifuani. Nikamweleza yote, pamoja na mafuta.

Akaniuliza, "Ulimwona anaanguka kabla yangu?"

"Nilimwona."

"Na ukanitandikia nimpande."

Nikasema ndiyo. Nikaaga, nikatoka.

Mbio tulijitoa. Taa ikazimwa, Zabibu akarudishwa, nikaenda kwa mafundi seremala kuomba maranda, nikayamwaga mpaka yakafika juu ya kifundo cha mguu. Siku za kwanza hakuna kitu. Asubuhi ya sita nikamkuta Kipanga ana maranda shingoni, ubavuni, mpaka kwenye sikio. Nikampiga picha nikamtumia Nasra. Aliiona. Hakujibu.

Vidonda vilipona, nguvu ikarudi polepole. Kazi sikufukuzwa, mpaka leo sijui kwa nini, na sijathubutu kuuliza.

Nasra alirudi kupanda baada ya miezi minne. Ananisalimia vizuri, tunaongea, hata kucheka tunacheka. Ila kabla hajapanda, kila siku, anachutama na kupitisha kiganja kwenye magoti ya Kipanga. Halafu anakitazama kiganja chake. Mimi nimeshika hatamu hapo hapo.

Sijawahi kumwambia aache.

Nilichojifunza: uchovu wa mnyama si uvivu, na ukiona mwenye nguvu kalegea, kabla ya kumwongezea kazi angalia anapolala. Hicho nilifundishwa na daktari. Cha pili nimejifunza mwenyewe, kwamba hofu yangu ya kufukuzwa ilikuwa ya kweli kabisa, na bado aliyevunjika mfupa ni mtu mwingine.

Waliowahi kukaa na farasi, punda, hata ng'ombe wa kulimia, leteni uzoefu wenu. Na nyie mnaofanya kazi za zamu, mwili unawaambia nini?

Matusi nitayasoma, sitajibu. Ila kuna swali naomba mnisaidie: aliyewahi kuficha jambo kazini likamuumiza mwenzake, je, alikuja kuaminiwa tena? Ilichukua muda gani?