Vitabu vya Chini ya Kochi la Mama Mkwe

Mnaoheshimu wakwe, nisameheni. Jumamosi nilikwenda Shishiyu kuchukua vitabu vya zamani vya baba mkwe, mwalimu mstaafu, nivipeleke shuleni kwetu Bariadi.

"Chukua vyote, baba, mchwa wasije wakavimaliza," aliniambia, akatoka kuangalia ng'ombe.

Nilipomaliza kabati nikaona vingine, vinene kweli, chini ya kochi ambalo mama mkwe alikuwa amesinzia juu yake. Tamaa ikanipanda. Nikalala kifudifudi, nikavivuta taratibu nisimwamshe. Kumbe ndivyo vilivyokuwa mguu wa kochi! Likanibana mkono, mama akabingirika mpaka mgongoni kwangu.

Baba mkwe akaingia mbio na majirani. Mama, akiwa bado amenikalia, akauliza:

"Mkwe, ulikuwa unatafuta nini chini yangu?"