Chuo Kilipofika Mikoroshoni

Sisi tuliozaliwa Msambweni kabla ya umeme, hapo penye chuo kikuu twapajua kwa jina la Mikoroshoni. Vijana wa leo wanapaita Kampasi, utadhani yale maghorofa yalishuka na mvua.

Ilikuwa mikorosho mitupu. Tukitoka madrasa tulikimbilia huko, mimi na dada zangu, kuokota mabibo. Bibo ulilikamua kinywani, utamu ukashuka pamoja na ule ukakasi wa kukaza ulimi, na maji yake yakadondokea kanga. "Doa la bibo halitoki," mama alikuwa akisema, "labda litoke na nguo yenyewe." Korosho tulizichoma juu ya bati kuukuu, moshi ukatuwasha macho, mafuta yakaturukia mikononi. Tulirudi nyumbani midomo imebabuka, na tukiulizwa, tunaapa kwamba hatukula kitu.

Mji wenyewe ulikuwa duka moja la sukari na mafuta ya taa, na mkahawa mmoja wa chai na mahamri. Ukimpita mtu mzima bila shikamoo, habari ilifika nyumbani kabla yako, nawe ukapokewa na mwiko. Juzi nimepitwa na kijana aliyeziba masikio kwa vidude vya muziki. Akaniambia, "Niaje, mathe?" Nikamjibu, "Marahaba," nikamwacha ajijue.

Mimi shuleni nilikuwa na kichwa chepesi. Nilipoitwa kusoma chuo kikuu Nairobi, nyumbani walifurahi siku moja tu. Siku ya pili baba, mkulima wa minazi asiyewahi kupaza sauti, alinikalisha barazani.

"Mwanangu, chuo kingekuwa hapa ningekupeleka kwa mkono wangu. Lakini bara ni mbali, nami sina jamaa huko. Mtoto wa kike nitamwachia nani?"

Sikubishana. Enzi hizo hukubishana na mzazi; uliinuka ukaenda kulilia uani. Nikaolewa, nikawa mwalimu wa chekechea, na mpaka leo nafundisha. Baba alifariki, Mungu amrehemu. Ndipo wakaja wapima ardhi, matingatinga yakang'oa mikorosho, na chuo kikasimama pale pale, ng'ambo ya barabara kutoka mlangoni kwangu.

Mji ukaumuka kama unga wa mahamri. Zikaota hosteli, vinyozi, vibanda vya chipsi na tuktuk za kupigiana honi. Hata muuza madafu, mtu tuliyesoma naye madrasa, siku hizi anawasalimu wateja kwa Sheng, "Form ni gani, buda?"

Kisha binti yangu wa mwisho, Riziki, akaitwa kusoma chuo hicho hicho. Majirani walikuja kunipa hongera. Nikacheka nao, na roho inaniuma. Riziki alikuwa akiamka dakika za mwisho, akanywa chai yangu, akavuka barabara, akawa chuo kikuu. Adhuhuri alirudi kula wali wangu na kulalamika kwamba mhadhara ulikuwa mrefu. Kulalamika! Nilimtazama akijimiminia mchuzi nikatamani kumpokonya sahani.

Mwaka wa pili akaja na jambo jipya.

"Mama, nataka kukaa hosteli."

"Hosteli ya nini, na mimi hapa nakuona mpaka mlango wa darasa?"

"Ndiyo hiyo, mama. Unaniona."

Nilimkatalia. Nikamwambia mtoto wa kike hutunzwa nyumbani, nikamwambia na mengine mengi ambayo sikujua yalikuwa ndani yangu. Riziki aliingia chumbani akafunga mlango. Mama yangu, ambaye macho yamepungua lakini masikio bado mazima, alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Mwanangu," akasema, "unamwonea wivu mtoto wako."

"Mimi?"

"Wewe. Baba yako alikuzuia kwa hofu, na hofu ile niliiona mimi, hakulala. Wewe unamzuia kwa nini?"

Nilichukua sinia ya mchicha nikaenda nayo jikoni. Lakini neno lile lilikaa nami wiki nzima, kama mwiba wa samaki kooni. Ijumaa nikamwambia Riziki, "Haya, nenda. Ila hicho chumba nitakiona kwanza."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chuoni. Miaka yote ile nilikuwa nikipita nje kama mtu aliyegombana na mwenye nyumba. Langoni askari aliniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikasema, "Mwanangu." Akanifungulia.

Chumba kilikuwa kidogo na safi, vitanda viwili. Mwenzake Riziki alikuwa Mueni, msichana wa Mackinnon Road, ambako baba yake huziba pancha za malori. Aliposikia hodi alisimama akanipa shikamoo kamili.

"Nimefundishwa na Riziki," akasema, akicheka.

"Nawe ulikuja na nani huku, mwanangu?"

"Na baba. Alinibebea godoro kichwani toka stendi mpaka hapa."

"Hakuogopa kukuacha na watu asiowajua?"

"Aliogopa, mama. Alilia pale langoni mpaka askari akamletea maji. Halafu akapanda gari, akarudi."

Nilikaa kitandani. Nilimtazama yule msichana mwembamba, soksi zake zimeanikwa dirishani, nikamwonea wivu ambao Riziki sikuwahi kumwonea.

Nilipotoka sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilizunguka majengo nikichungulia madirishani, nikisoma vibao vya milangoni kimoja kimoja. Kijana mmoja akanijia mbio, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mwalimu! Samahani, ukumbi wa pili uko wapi?"

"Marahaba. Panda ngazi, mkono wa kulia."

Alishukuru akakimbia. Sikumwambia kuwa wanafunzi wangu mimi hawajajua hata kufunga kamba za viatu.

Tukikutana harusini, sisi wa rika moja, huisifu zamani mpaka biriani ikapoa. Twasema watoto wa siku hizi hawajui ladha ya bibo, hawajui jina la jirani, hawana mtu mzima wa kuwakemea njiani. Yote ni kweli, nami huitikia kwa sauti kuliko wote. Wallahi, zamani kulikuwa kuzuri. Lakini asubuhi, nikielekea chekechea, lango la chuo huwa wazi na wasichana wanaingia, vitabu vifuani, wanacheka, hakuna anayewazuia. Mimi husimama kando ya barabara nikawatazama mpaka wa mwisho aingie, ndipo nikaenda zangu.