Siku Tano za Lokozun

Mahoussi Agbangla alikuwa amekamua karanga miaka thelathini na minne kabla mtu yeyote hajamuuliza neno kuhusu uchumi. Kazi yake kila mtu wa Lokozun anaijua. Karanga zinakaangwa, zinasagwa, kisha ule uji mzito unakandwa kwa maji moto mpaka mafuta yaachane nao. Makapi yanayobaki yanafinyangwa kuwa vijiti vyembamba na kukaangwa katika mafuta yaleyale yaliyotoka ndani yake. Ndiyo kluiklui. Kijiti kizuri kinalia kinapovunjika, na cha Mahoussi kilisikika hadi kibanda cha tatu.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, akafariki mapema. Binti yao mmoja aliolewa Parakou, mwingine ni muuguzi. Mahoussi alibaki na sufuria zake, na nyumba yenye ua mpana ambamo wanawake wengine walikuja kukanda pamoja naye, kwa sababu kukanda peke yako kunachosha mabega na pia ulimi.

Mji ulipotakiwa kujiunga na Muungano wa Miji Mitano, ambao kazi yake ni kuinua biashara ya eneo letu, baraza la madiwani lilisita. Diwani Sagbo, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alisema miji minne ile ina lami na benki, sisi tutakwenda tu kuwashikia kikapu. Siku hiyo Mahoussi alikuwa amekuja barazani kwa shida nyingine, ya choo cha soko, lakini akasimama.

"Mafuta yetu yanakwenda Cotonou kwa madalali," alisema. "Wanakuja wanavyotaka, wanapanga bei wanavyotaka. Lori moja la miji yote mitano, lenye siku yake, lingetutosha. Sina lingine."

Akakaa. Baraza likakubali kujiunga, na kuanzia hapo watu wakasema Mahoussi ndiye aliyetuingiza kwenye Muungano. Kila mji ulipeleka wajumbe watatu: meya, diwani mmoja, na mtu wa sokoni. Kiti cha soko Dansi Kpossou, muuza vitenge, alikitaka sana na hakuficha. Wanawake wakampa Mahoussi. Walisema heri aende mtu anayenuka karanga, huko wajue tunatoka wapi.

Ofisi ya Muungano iko Kpatinsa, mji wenye lami. Katibu wake, Romaric Hessou, alikuwa kijana mwenye miwani na adabu. Katika kikao cha kwanza aliuliza kila mji siku yake ya soko, ili apange safari za lori. Wajumbe wa miji mingine wakajibu kwa ufupi, Jumatano, Jumamosi, maana wao waliacha siku za zamani tangu enzi za baba zao. Sisi hatukuziacha. Soko la Lokozun ni siku ya Mioxi, na baada ya Mioxi ni Adokwi, kisha Zogodo, kisha Ajaxi, halafu Mioxi tena. Ikiangukia Jumapili, ni Jumapili. Ikiangukia Krismasi, watu wa kanisani wanapita sokoni wakitoka misani.

"Na Lokozun, Mama?"

"Soko letu ni kila siku tano," Mahoussi alisema. "Anzia Mioxi ijayo."

Romaric akaandika.

Baada ya wiki tatu ilikuja kalenda, karatasi kubwa yenye picha za mameya watano na viduara vyekundu kwenye siku ambazo lori lingepita katika kila mji. Moja ikatundikwa katika ukumbi wa baraza, nyingine sokoni, nyingine kwa Mahoussi. Lori la kwanza lilifika siku ya Mioxi asubuhi, likapakia madumu sitini na mawili na magunia ya kluiklui, na siku ile watu walimsifu Mahoussi mpaka akaona haya.

Lori la pili likaja siku moja baada ya soko. Lilikuta mbuzi na upepo. La tatu likaja siku ya Zogodo, wakati wanawake wengi walikuwa masoko ya mbali. La nne lilikuja siku moja kabla ya soko. Dereva akangoja kivulini kwa saa tatu, akaondoka akilaumu. La tano likaja Mioxi, sawasawa, watu wakasema sasa mambo yametengemaa. Kisha yakaharibika upya. Ilikuwa ni baada ya mavuno, kila ua umejaa karanga, na wanawake waliokuwa wamewapa kisogo madalali kwa ajili ya lori la Muungano walibaki na madumu juani.

Mwezi wa tatu wa safari hizo ikaja barua. Muungano ulisema, kwa heshima, kwamba Lokozun haileti mzigo siku zilizopangwa, na kama hali ni hiyo, safari zake zitapewa mji mwingine.

"Mmeona?" alisema Sagbo pale kwenye mashine ya kusaga, ambako kila mtu angemsikia. "Miji minne lori linawafikia kwa saa. Sisi tu ndio linatuchenga. Hawatutaki, wanatutoa kidogokidogo ili ionekane tumetoka wenyewe."

Maneno hayo yaliwaingia watu. Baraza likapanga kikao siku ya Ijumaa alasiri, lipige kura ya kujitoa.

Mahoussi alijua kura ile ingepita. Alijua pia kwamba madalali walikuwa wameshaanza kupita majumbani wakiuliza habari za Ijumaa kwa upole usio wa kawaida yao. Mji ukitoka, wangeshika bei kama zamani, na safari hii kwa kisasi. Siku ya Jumanne, akiwa na mikono ya mafuta, alisimama mbele ya kalenda ya ukutani kwake akaanza kuweka kidole juu ya kila siku ya Mioxi iliyopita. Hakusoma sana, lakini tarehe alizijua, na kila soko alilikumbuka kwa kitu: hili mvua, hili msiba wa fundi cherehani, hili mkwe alikuja. Kila alipogusa, doa la mafuta lilibaki.

Alirudi nyuma hatua mbili. Madoa yake yalikuwa karibukaribu. Viduara vyekundu vilikuwa mbalimbali kidogo. Vilianza pamoja mahali pamoja, vikaachana, vikakutana tena, vikaachana.

Akahesabu kwa vidole, kama mama yake alivyomfundisha. Kidole gumba, Mioxi. Cha shahada, Adokwi. Cha kati, Zogodo. Cha pete, Ajaxi. Cha mwisho, Mioxi. Tano. Akahesabu tena, akakiangalia kile kidole cha mwisho kwa muda mrefu, kwa sababu ndicho kilekile kidole gumba cha soko linalofuata, na alikuwa amewapa watu wa Kpatinsa siku moja mara mbili.

Akaitoa kalenda ukutani, akaikunja, akatafuta pikipiki ya kumpeleka Kpatinsa.

"Karibu, Mama," Romaric alisema. "Umekuja kunigombeza au umeniletea kluiklui?"

"Nimekuja na karatasi. Kluiklui utakula ukishajibu. Hivi viduara nani alivichora?"

"Mashine. Niliiambia ianze Mioxi ile ya kwanza, kisha iongeze tano, tano."

"Na haya madoa ni yangu. Hesabu toka doa mpaka doa."

Alihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili. Akavua miwani.

"Nne," alisema. "Lakini Mama, uliniambia tano."

"Nilikuambia tano, na ni tano. Hesabu kwa vidole, kama mtu aliyelelewa."

Alihesabu. Alipofika kidole cha mwisho alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Bibi yangu anauza ugali wa akasa, anahesabu hivihivi. Na mimi nilihesabu hivi mpaka nilipoanza shule. Ungekuwa umemwambia Mzungu, angekuuliza. Mimi niliona ni sawa kabisa, nikaandika."

"Basi tumekosea wawili."

Romaric alifunga mlango. "Mama, sikiliza. Tuseme ni mpiga chapa. Yuko Cotonou, hakuna anayemjua, hatajua kama tumemsema. Wewe unabaki na kiti chako, mimi nabaki na kazi yangu, kalenda inatengenezwa upya."

Mahoussi aliikunja kalenda yake. Kiti kile alikipenda. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini alipenda kuvaa kitenge chake cha buluu asubuhi ya kikao, alipenda kuulizwa Lokozun inasemaje, na watu kungoja aseme.

"Ukisema mpiga chapa wa Muungano," alisema mwishowe, "kwa Sagbo ni Muungano. Atasema, hata siku yetu wameshindwa kuiandika. Watatoka Ijumaa jua halijashuka."

"Na ukisema ni wewe?"

"Nikisema ni mimi, basi hakuna aliyetufukuza."

"Watakutoa kwenye ujumbe."

"Watanitoa." Alimsogezea kifurushi. "Kula."

"Basi nije Ijumaa, niseme sehemu yangu."

"Usije. Wakikuona wewe watasema umenipa maneno ya kusema. Wewe tengeneza hiyo kalenda."

Ijumaa ukumbi ulijaa, na wanawake waliokosa nafasi walisimama madirishani. Sagbo alianza.

"Mama Mahoussi, wewe ndiye uliyetuingiza. Leo tuonyeshe mlango wa kutokea."

Watu wakacheka. Mahoussi alingoja wamalize, akaitandika kalenda mezani mbele ya meya.

"Lori halikutukwepa," alisema. "Lilikuja siku nilizozitaja mimi. Niliwaambia kila siku tano. Wao wakahesabu tano kwa kuanzia kesho yake. Sisi tunahesabu kwa kuanzia leo. Soko letu kwa hesabu yao ni siku nne. Sikuwaambia hivyo. Kosa ni langu."

Diwani mmoja akasema, "Lakini ni tano," akanyoosha mkono kuonyesha. Jirani yake akasema hapana, ngoja, akanyoosha wake. Baada ya muda madiwani wote walikuwa wameinua mikono wakigusa vidole, na meya, aliyekuwa akisoma kalenda, alipoinua kichwa alianza kuhesabu kura.

"Bado, Meya," akaambiwa. "Tunatafuta Mioxi."

Sagbo alihesabu mkono wa kulia, akahesabu wa kushoto.

"Nimekwenda soko hili miaka sitini," alisema. "Hata sasa napata tano."

"Ndivyo, baba. Hata mimi."

"Yaani wangeniuliza mimi, ningewaambia tano."

"Ungewaambia tano."

Mzee alishusha mikono. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa amekizoea mkononi.

"Kwa hiyo hawakutufanyia makusudi."

"Walinisikia, wakaniamini," alisema Mahoussi. "Hicho tu ndicho walichofanya."

Dirishani mwanamke mmoja, Yawa wa madumu, akasema kwa sauti ya kutosha, "Na mafuta yangu yamechacha juani wiki nzima kwa ajili ya kidole chako."

"Najua, mdogo wangu."

"Unajua. Mimi ndiye niliyeyanusa."



Kura zilipopigwa, sita walitaka tubaki, watano tutoke. Sagbo alikuwa wa sita, na aliinua mkono kwa uzito, kana kwamba umefungiwa jiwe. Kisha palepale akataka mjumbe wa soko abadilishwe. Alisema hana ubaya na Mama Mahoussi, ila mji uliopata aibu lazima uonekane umefanya kitu. Meya alimwangalia Mahoussi, naye akasema ni sawa. Wanawake wakamchagua Dansi Kpossou.

Kalenda mpya ilikuja na lori likaanza kufika siku ya Mioxi. Hilo halikuwafanya watu waje uani kwa Mahoussi kumshukuru. Yawa alihamia kukanda kwa mwingine, akarudi baada ya mwezi bila kueleza. Madalali walipungua. Kitenge cha buluu Mahoussi alimpa binti yake muuguzi, akisema kinambana.

Siku moja kabla ya kikao chake cha kwanza, Dansi alikuja asubuhi, akasimama karibu na sufuria huku amekusanya nguo zake zisirukiwe na mafuta.

"Nilijiambia nisije kwako," alisema.

"Na umekuja."

"Nimekuja. Huko wanauliza nini?"

Mahoussi aligeuza vijiti ndani ya mafuta kwanza. "Usikae chini ya ile mashine ya baridi, utarudi na mafua. Kaa upande wa mlango. Mtu wa Kpatinsa anaongea sana, mwache, anachoka mwenyewe. Wanataka kuongeza lori la pili. Omba lipite kwetu mapema, kabla mafuta hayajapata joto. Na ukitaja tarehe, iguse kwenye karatasi yao kwa kidole, uwaone wakiiandika."

"Na wakiniuliza nisichokijua?"

"Sema hujui, utauliza nyumbani."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Halafu watangoja jibu."

Dansi aliangalia huku na huku, akavuta kigoda, akaachia nguo zake zikagusa chini.

"Haya," alisema. "Hilo la lori la pili, nieleze tangu mwanzo."