Robo ya Bi Mwanamize

Kwa miaka sita Bi Mwanamize aliilipa halmashauri ya mji kodi ya nyumba kama ya watu wawili, na ndani ya nyumba alikuwa peke yake. Sheria ya Uingereza inampunguzia robo mtu mzima asiyeishi na mwenzake. Kinachotakiwa ni kuiarifu halmashauri tu. Mimi Maisara, jirani yake wa ukuta mmoja pale Stechford, nilimweleza mpaka nikachoka. Jibu lake lilikuwa lile lile: mwenyewe yuko safarini.

Safari gani? Mkubwa, mumewe, alikwenda Unguja kumzika mama yake, akaoa huko huko, akazaa. Talaka hakutoa, matumizi hakuleta. Alipiga simu sikukuu, basi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiye niliyemsikia Bi Mwanamize akilia nyuma ya ukuta. Wageni wake waliyaona makubadhi ya Mkubwa mlangoni, yamepanguswa vumbi, wakaridhika. Kwa Bi Mwanamize, kumwambia mtu wa serikali kwamba mume hayupo kulikuwa ni kujipa talaka kwa mdomo wake mwenyewe. Basi akawa anasafisha ofisi za watu alfajiri, magoti yanamuuma, ili robo ya Mkubwa ilipwe. Nilikuwa nikimwona anarudi nikakasirika hata chai ikanishinda.

Furaha yake ilikuwa kila Alhamisi. Basi dogo la halmashauri lilimpitia, likampeleka pamoja na wazee wengine ukumbini, wakala chakula cha moto na kupiga soga. Siku hiyo alijipaka wanja.

Majira ya baridi ya mwaka 2006 tukaambiwa fedha hazitoshi. Wakazi tuliitwa mkutanoni kuchagua: kodi ipande kidogo, basi na ukumbi vibaki, au kodi ikae ilivyo, vifungwe. Madiwani waliahidi kufuata watakalo wengi.

Aliyeongea vizuri kuliko wote alikuwa Harjit, Singasinga wa nyumba ya mbele yetu, mzaliwa wa Kisumu, fundi mstaafu. Alisema kodi inapanda kila mwaka, pensheni haipandi, na yeye na mkewe wanashinda jikoni kwa sababu hawamudu kupasha joto vyumba vingine. Alipigiwa makofi. Hakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikamnong'oneza Bi Mwanamize: mficha uchi hazai. Watu hawa hawajui kwa nini unalihitaji basi lile, waambie. Akavuta ncha ya mtandio wake. Kisha akasimama. Kiingereza chake kilimtosha dukani tu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, nami nikafasiri.

"Mie naishi peke yangu," alisema. "Mume wangu hayuko safarini. Kaoa kwao, na kurudi harudi. Toka Ijumaa mpaka Jumatano hakuna anayelitaja jina langu. Alhamisi yangu msinichukulie."

Nyuma yetu walikaa wanawake wawili wa kwetu wanaokaa mtaa wa Acocks Green. Wao hawakuhitaji kufasiriwa. Mmoja alijifunika mdomo kwa kiganja. Harjit aliinamisha kichwa, nikadhani tumeshinda.

Mikono ikanyooshwa. Waliotaka kodi ibaki ilivyo walikuwa wengi mno. Mkono wa Harjit ulipanda taratibu, lakini ulipanda.

Alitungoja mlangoni, mvua inanyesha.

"Mama, maneno yako yote mimi nasikia," alisema. "Lakini nyumba yangu pia iko na baridi."

Bi Mwanamize akamwambia hana neno naye, amsalimie mkewe. Mimi nilikuwa nalo neno, nikalimeza.

Asubuhi yake akanibishia hodi, akaniomba niwaandikie halmashauri, maana limeshasemwa mbele ya watu. Nikaandika. Makubadhi hayakuwapo tena mlangoni, na sikumuuliza yamekwenda wapi.

Hesabu mpya ya kodi ilikuja Aprili, siku ya Alhamisi, robo imeondolewa. Nikamsomea. Basi lilikuwa limeshakoma kupita, lakini wanja alikuwa kapaka.

"Hawakuuliza kitu?" akasema.

"Hawakuuliza."

"Miaka sita naogopa kuulizwa," alisema, akitazama njia, "kumbe hakuna wa kuniuliza."