Dalali Aliyemkataza Mtahini Nyumba

Saa moja kasorobo asubuhi, ndani ya nyumba tupu ya vyumba viwili, Mama Funguo anavuta maji ya choo. Anasikiliza. Anavuta tena.

"Sebule nzuri kila mtu anaiona," anasema akijifuta mikono kwenye sketi. "Choo ndicho kinachongoja uhamie kwanza, kikuonyeshe tabia zake."

Kisha anaketi sakafuni chumbani, kimya, dakika kumi nzima, awasikie majirani. Leo ni redio, mtoto anayekataa kuoga, na mtu anayepiga chafya kama anabomoa ukuta. Yote hayo atamwambia mteja wake, mwalimu anayekuja saa mbili.

Mama Funguo ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo imeishia kwenye udalali wa nyumba. Jina kapewa na mkoba wake uliojaa funguo za watu: akipita, hujui ni mtu au ni gereza linatembea. Mwezi mzuri huonyesha nyumba watu arobaini, wanne wakapanga.

Sasa amri imetoka. Kuanzia mwezi ujao, dalali asiye na leseni hafungui mlango wa mtu. Wenye nyumba watatu wameshachukua funguo zao.

Leseni nayo haiokotwi. Kuna mafunzo ya miezi mitatu, barua ya polisi kwamba hujamtapeli mtu, mtihani wa kuandika, halafu wa vitendo. Mama Funguo, aliyeishia darasa la saba, wa kuandika aliupata kwa alama themanini na moja. Mumewe, fundi saa, ndiye aliyekuwa akimuuliza maswali kila jioni.

"Sheria za upangaji nazijua kuliko dawa zangu za presha," anasema mzee huyo.

Balaa lilikuwa kwenye vitendo. Mtahini alijifanya mteja, Mama Funguo akampandisha ghorofa ya tatu. Mtahini akafika juu anahema.

"Nikamhurumia. Nikamwambia, baba, hii haikufai. Tumbo hilo na ngazi hizi hamtaelewana. Twende nikuonyeshe ya chini, mtaa wa pili."

Ya chini ilikuwa ya mwenye nyumba mwingine kabisa! Mtahini akaketi kwenye ngazi, akaandika: amefeli. Dalali humtumikia aliyemkabidhi funguo.

Wiki mbili baadaye, mtahini huyo huyo akapiga simu kuulizia ile ya chini. Yumo humo hadi leo.

Marudio ni Alhamisi, na hakuna mengine kabla ya amri kuanza. Nyumbani, mume hujifanya mteja.

"Mbona ukuta huu una unyevu?" aliuliza juzi.

"Kwa sababu mwenye nyumba ni mvivu, anasema atapaka saruji tangu mwaka juzi."

Mwenye nyumba ni huyo huyo mume. "Umefeli," akasema.

Akiipata leseni, Mama Funguo anataka kufungua ofisi: chumba kimoja, meza, viti viwili, aache kupokea wateja kando ya barabara.

"Alhamisi nitasema ukweli wote wa nyumba nitakayoonyesha," anaahidi. "Kisha ninyamaze, mteja aamue mwenyewe. Hapo pa kunyamaza ndipo ninapofanyia mazoezi."

Mume anainua kichwa kutoka kwenye saa aliyoifungua.

"Fanya, mke wangu. Na hata ukifaulu, usiyaache."